Utando wa Kijani Mwaloni na Bendi Tatu Zilizosomwa Vibaya

Chupa tatu za maji zinafika maabara ndani ya kasha la barafu, zote kutoka mwalo mmoja (ufukwe wa kushushia samaki) wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Chupa A imechotwa ukingoni kabisa, pale upepo uliposukuma utando wa kijani hadi kwenye mchanga wa kuanikia dagaa. Maji yake ni mazito kama rangi ya ukuta. Chupa B imechotwa kutoka kwenye mtumbwi, mita 300 hivi kutoka ufukweni. Chupa C ni ya mdomo wa kijito kinachopita katikati ya makazi kabla ya kumwaga ziwani. Watu wa mwaloni wanauliza mambo matatu: hicho kijani ni nini, kina sumu au hakina, na je, kuna kipindupindu? Hapo ndipo wanapochota maji ya kunywa na kupikia.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Si taarifa ya tukio la siku moja. Kimeunganisha makosa yanayojirudia katika maabara zinazotenganisha bakteria wa maji kwa DNA, na kila kosa limewekwa pale linapotokea kweli.

Jibu la kwanza lililoandikwa kuhusu chupa A lilikuwa hili: kijani ni diatomu (mwani mdogo wenye ganda la silika), bakteria wengine ni wachache, hakuna haja ya kupima sumu. Jibu hilo ni kosa, tena la hatari, kwa sababu kuna familia zinazokunywa maji hayo. Hata hivyo kila hatua iliyolizaa ilionekana sahihi ilipokuwa ikifanyika.

Jeli inatenganisha nini

Njia iliyotumika ni ya jeli yenye mteremko wa kemikali zinazofungua DNA, inayojulikana kwa kifupi kama DGGE. Ilianza kutumika kwa jamii za bakteria baada ya kazi ya Muyzer na wenzake mwaka 1993. Mantiki yake ni hii. Kila bakteria ana jini ya 16S, na ndani yake kuna vipande visivyobadilika na vipande vinavyotofautiana kati ya aina na aina. Praima mbili, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zinakaa kwenye sehemu zisizobadilika na kunakili kipande kilicho katikati. Zilizotumika hapa ni 341F (CCTACGGGAGGCAGCAG) na 534R (ATTACCGCGGCTGCTGG), na kipande kinachobaki katikati kina jozi za besi 160 hivi. Praima ya mbele imeongezewa mkia wa besi 40 zilizojaa G na C.

Vipande vyote vina urefu unaokaribiana, kwa hiyo jeli ya kawaida ingevionyesha kama mstari mmoja mnene. Katika jeli hii, kadiri DNA inavyoshuka ndivyo inavyokutana na urea na formamidi nyingi zaidi. Ikifika mahali ambapo nyuzi zake mbili zinaachana, inachanua kama kamba iliyofumuliwa na karibu isimame. Ule mkia wa G na C haufunguki, ndio unaozuia nyuzi zisiachane kabisa. Kila mfuatano husimama mahali pake kulingana na besi zake, na hapo ndipo tunapopata bendi.

Kwa hiyo jeli inatenganisha mifuatano ya DNA. Haitenganishi bakteria. Na inatenganisha mifuatano iliyofika kwenye kijaribio cha PCR (unakili wa DNA kwa mashine) tu, si iliyoko ziwani. Kisa kizima kimelala kwenye umbali uliopo kati ya ziwa na kijaribio hicho.

Picha ya kwanza

Jeli ilitengenezwa kwa akrilamidi asilimia 8, na mteremko kutoka asilimia 30 hadi 60. Asilimia 100 maana yake ni urea molari 7 pamoja na formamidi asilimia 40. Ili kupata mililita 100 za mchanganyiko huo: akrilamidi ya asilimia 40 (uwiano 37.5 kwa 1) mililita 20, bafa ya TAE ya mara 50 mililita 2, formamidi mililita 40, urea gramu 42, kisha maji hadi ujazo utimie. Mchanganyiko wa asilimia 0 ni uleule bila urea na formamidi. Kwa mililita 15 za upande wa asilimia 30, changanya mililita 4.5 za ule wa 100 na 10.5 za ule wa 0; kwa upande wa asilimia 60, mililita 9 na 6. Akrilamidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu na inapenya ngozi, kwa hiyo glavu hazivuliwi hata kwa kazi ya dakika moja.

Joto la Mwanza lina neno lake hapa. Jeli huganda haraka kuliko maelekezo yaliyoandikwa kwa maabara za nchi za baridi, na mara nyingi inaanza kuganda ndani ya mrija kabla mteremko haujakamilika. Dalili yake ni bendi zilizopinda kama tabasamu, au zenye ngazi katikati ya jeli. Weka michanganyiko kwenye barafu, ongeza vigandishi vya jeli, TEMED na amonia pasalfati, mwishoni kabisa, na punguza kiasi chake kidogo kidogo hadi upate jeli inayoganda baada ya dakika 15 au 20.

Kila safu iliwekewa nanogramu 400 za DNA ya PCR. Jeli ilikaa katika bafa ya nyuzi joto 60 kwa volti 75 na saa 16, ikapakwa rangi ya SYBR Gold na kupigwa picha.

Safu ya B ilikuwa na bendi kumi na moja zinazosomeka. Safu ya C ilikuwa na ukungu mrefu wenye bendi hafifu ndani yake, jambo la kawaida kwa maji ya kijito cha makazi, maana humo kuna aina nyingi mno zenye wingi unaokaribiana. Safu ya A ilikuwa na bendi tatu tu: moja juu, hafifu kidogo, moja nene sana katikati, moja nyembamba chini yake. Zilikatwa na kusomwa. Ya katikati ilifanana na kloroplasti, kile kiungo cha kijani ndani ya seli, ya diatomu za jenasi Nitzschia. Ya chini ilikuwa karibu na Microcystis, mmoja wa sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea. Ya juu haikusomeka. Herufi zilipandana tangu mwanzo hadi mwisho.

Kutoka hapo ndipo likaandikwa jibu la diatomu. Nitzschia si mgeni katika ziwa hili, kwa kuwa ni miongoni mwa diatomu zilizotawala baada ya maji kurutubika kupita kiasi, na hilo lilifanya jibu lionekane la busara zaidi.

Kloroplasti si bakteria, lakini PCR haijui hivyo

Kloroplasti zimetokana na sianobakteria wa zamani sana waliomezwa na seli nyingine, na hadi leo zina jini ya 16S inayonakiliwa na praima za bakteria bila shida. Seli moja ya diatomu hubeba nakala nyingi za jenomu ya kloroplasti, na kila nakala huwa na seti mbili za jini za rRNA, ambazo 16S ni mojawapo. Microcystis ana seti mbili kwa jenomu. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ana 8, Escherichia coli 7, Bacillus subtilis 10, na bakteria wengi wadogo wa maji wazi wana moja tu. Unene wa bendi haulinganishi seli na seli. Anayesema "bendi hii ni nene mara tano, kwa hiyo bakteria huyu ni wengi mara tano" amesoma kitu ambacho jeli haikuandika.

Hifadhidata nayo inaongeza utata. Mifuatano mingi ya kloroplasti imewekwa GenBank chini ya jina la "bakteria asiyeoteshwa", kwa sababu aliyeiweka hakujua alichokamata. Katika SILVA, kloroplasti zimewekwa ndani ya kundi la sianobakteria. Anayesoma ngazi ya juu tu ya jina atasema ana sianobakteria, kumbe ana mwani mdogo. Soma jina hadi mwisho, na linganisha na mifuatano ya viumbe waliotambuliwa kwa hadubini, si na ile isiyo na jina peke yake.

Lakini hayo yote hayaelezi kwa nini Microcystis amekuwa bendi nyembamba ndani ya maji ambayo, kwa macho tu, ni ya kijani cha Microcystis. Tone moja la chupa A chini ya hadubini ya kawaida, kwa ukuzaji wa mara 400, lilionyesha makundi ya seli za mviringo ndani ya uteute, nukta nyeusi nyeusi zikimeta kwa hewa iliyomo ndani yake. Diatomu zilikuwepo, ila chache. Palikuwa pia na nyuzi zilizojipinda zenye seli kubwa angavu hapa na pale, alama ya Dolichospermum, sianobakteria mwingine. Huyu hakuonekana kwenye jeli kabisa.

Seli zilizomwagwa sinki

Daftari la kazi linaeleza. Chupa B na C zilichujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22. Chupa A iliziba kichujio baada ya mililita 15, kwa hiyo ikaamuliwa izungushwe kwenye sentrifuji: mililita 50, mizunguko ya kutosha kushusha bakteria yeyote, kisha maji ya juu yamwagwe na mashapo yatolewe DNA.

Kwa bakteria wengi hiyo ni sahihi. Kwa Microcystis ni kinyume. Ndani ya seli zake kuna vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta za protini, ndivyo vinavyomwezesha kupanda juu kutafuta mwanga na kuelea pale upepo unapotulia. Ukimzungusha, diatomu zenye ganda la silika zinazama chini, na yeye anapanda kuwa kola ya kijani juu ya maji. Mkono ukamwaga maji ya juu, na kijani chote kikaenda nayo. Asiyekuwapo na lake halipo: seli zilizokwenda sinki haziwezi kutoa bendi.

Tiba yake ni rahisi hata pasipo kifaa cha bei. Vuta mililita 5 za sampuli ndani ya bomba la sindano la mililita 10, toa hewa yote, ziba mdomo kwa nguvu, kisha sukuma kwa ghafla na kwa uzito wa mwili. Shinikizo huvunja vifuko vya hewa. Unaona kwa macho: maji yaliyokuwa na weupe wa maziwa juu ya kijani yanageuka kijani cheusi, chenye kupenyeza mwanga, na seli zinaanza kushuka. Rudia hadi rangi ibadilike yote. Baada ya hapo sentrifuji itafanya kazi yake.

Njia iliyo bora zaidi kwa maji mazito ni kuchuja kwa hatua mbili. Pitisha kiasi kidogo, mililita 10 hadi 20, kwenye kichujio cha mikromita 3 au 5. Makundi ya Microcystis, nyuzi na diatomu vitabaki hapo pamoja na bakteria walionata kwenye uteute. Maji yaliyopita yachujwe tena kwa 0.22 ili kupata wanaoelea peke yao. Toa DNA ya kila kichujio kando na uiweke kwenye safu yake. Hili lenyewe ni utenganishaji, tena wa bei nafuu kuliko wowote, na linaondoa sehemu kubwa ya tatizo la mmoja kufunika wengine. Andika ujazo uliopita kwenye kila kichujio. Bila namba hiyo hutalinganisha sampuli na sampuli.

Uteute kama mlenda

Mara ya pili DNA ilitolewa kutoka kwenye vichujio, na hapo likajitokeza tatizo lililofichwa na lile la kwanza. Microcystis wamekaa ndani ya sukari ndefu zinazonata. Baada ya kuongeza isopropanoli, kilichoonekana chini ya kijaribio hakikuwa doa jeupe la DNA bali donge linaloteleza, linalovutika na ncha ya pipeti kama mlenda. Kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, A260 kwa A280, kilikuwa 1.8, safi kabisa. A260 kwa A230 ilikuwa 0.6. Wengi husoma namba ya kwanza na kuendelea. Ya pili ndiyo inayosema kuna sukari, mabaki ya fenoli au tindikali za udongo zitakazozuia PCR.

Utaratibu unaofaa kwa sampuli za namna hii: kichujio kilichokatwakatwa kiwekwe kwenye mililita 1.5 za bafa yenye sukrosi molari 0.75, EDTA milimolari 40 na Tris milimolari 50. Lisozimu miligramu 1 kwa mililita, nyuzi joto 37 kwa dakika 30. Kisha SDS asilimia 1 na proteinesi K miligramu 0.2 kwa mililita, nyuzi joto 55 kwa saa mbili. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo inayotoa uteute: pandisha chumvi hadi molari 0.7 kwanza, ndipo uongeze sabuni ya CTAB hadi asilimia 1, na uache kwenye nyuzi joto 65 kwa dakika 10. Chumvi ikiwa chini ya molari 0.5, CTAB itashuka pamoja na DNA yenyewe na utaipoteza. Fuata na klorofomu na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1, mara mbili ikibidi, hadi tabaka jeupe la katikati liishe. Isopropanoli ujazo 0.6, etanoli asilimia 70, kisha DNA iyeyushwe kwenye mikrolita 50.

Kwa chupa C, ambako kuna bakteria wenye kuta nene, lisozimu peke yake haitoshi. Kutikisa na shanga ndogo za kioo za milimita 0.1 kwa sekunde 30 hadi 60 kunahitajika, la sivyo jeli itaonyesha wale wanaovunjika kwa urahisi tu.

Kabla ya PCR ya kweli, jaribu DNA ikiwa nzima, ikiwa imezimuliwa mara 10 na mara 100. Ikiwa ile nzima haitoi kitu na iliyozimuliwa inatoa, kuna kizuizi. Albumini ya ng'ombe, mikrogramu 0.4 kwa kila mikrolita ya mchanganyiko, husaidia sana kwa maji ya kijito.

Bendi ya juu ambayo haikuwa ya mtu

Inabaki ile bendi hafifu ya juu, isiyosomeka. Ilikatwa tena, safari hii kwa uangalifu zaidi: mwanga wa buluu badala ya miale inayoharibu DNA, wembe mpya kwa kila bendi, na kipande chembamba kutoka katikati ya bendi tu, kidogo kuliko punje ya mchele. Kikalala usiku mmoja kwenye mikrolita 30 za maji safi, nyuzi joto 4. Mikrolita 2 za maji hayo zikapigwa PCR upya kwa praima yenye mkia, na matokeo yakarudishwa kwenye jeli kando ya safu ya asili.

Bendi moja iliingia, zikatoka tatu: ile ya kloroplasti, ile ya Microcystis, na yenyewe. Hii ni alama ya chotara. Mwishoni mwa PCR, praima zinapopungua, uzi mmoja wa mfuatano huu hujishika na uzi wa mfuatano ule. Besi nyingi hazioani, kwa hiyo wanafunguka mapema na kusimama juu kuliko wazazi wote wawili. Hakuna kiumbe mwenye DNA hiyo ziwani. Aliyehesabu bendi tatu na kusema aina tatu, alihesabu kiumbe aliyezaliwa ndani ya mashine.

Kuzuia chotara: usizidishe mizunguko, 25 hadi 30 inatosha ukiwa na DNA nzuri, kisha zimua PCR mara 10 kwenye mchanganyiko mpya wenye praima za kutosha na upige mizunguko mitatu tu. Joto la kushikana lianze nyuzi 65 na kushuka nyuzi 1 kila baada ya mizunguko miwili hadi 55, ili praima zisikamate pasipostahili. Na mwisho wa PCR, nyuzi 72 ziachwe kwa dakika 30 badala ya 5 au 7. Muda huo mrefu huondoa bendi pacha zinazotokana na nakala ambazo hazikukamilika kwenye ule mkia wa G na C.

Hakuna bendi iliyokatwa inayostahili kupelekwa kusomwa kabla ya kurudishwa kwenye jeli na kuonekana ikisimama peke yake, mahali palepale. Hatua hii inakula siku moja. Kuiruka kunakula pesa ya kusomesha DNA chafu na kisha siku tatu za kubishana juu ya herufi zilizopandana.

Ikishathibitika, inapigwa tena kwa praima isiyo na mkia ndipo isomwe. Na hata hapo, ujue uzito wa jibu: katika besi 160, tofauti ya asilimia 3 ni besi tano tu. Hapo unaweza kutaja jenasi kwa kujiamini. Spishi, mara nyingi hapana.

Umeme ulipokatika saa nane usiku

Jeli ya marudio ya kwanza ilipotea, na inafaa kusema kwa nini. Umeme ulikatika usiku na kurudi baada ya dakika 40. Mashine ikajiwasha yenyewe, volti zikaanza papo hapo, lakini bafa ilikuwa imepoa na ilihitaji muda kurudi nyuzi 60. Katika muda huo DNA ilisukumwa chini bila kufunguka pale ilipopaswa. Asubuhi bendi zilikuwepo, nzuri hata kwa kupiga picha, ila zote zimeshuka kupita mahali pake na zimepanuka kidogo. Bila kujua habari ya umeme, mtu angeandika kwamba jamii ya bakteria imebadilika.

Mchanganyiko wa bakteria wanaojulikana, uliowekwa kwenye safu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, ndio uliofichua jambo hili, maana nao ulikuwa umeshuka. Jeli isiyo na safu hizo hailinganishwi na jeli nyingine yoyote. Betri ya akiba ya kompyuta (UPS) haiwezi kubeba kipasha joto cha bafa kwa muda wa maana, kwa hiyo suluhisho la kweli ni kuendesha mchana, volti 200 kwa saa nne hadi tano, mtu akiwa karibu, na kuzima swichi mara umeme unapokatika ili mashine isijiwashe kabla bafa haijapata moto.

Kumtafuta Dolichospermum, kisha sumu

Kwa praima za bakteria wote, Dolichospermum hakuonekana hata baada ya marekebisho. Kuna mwingine aliyesimama mahali pake au aliyemfunika. Aliye chini ya asilimia 1 hivi ya DNA yote kwa kawaida haonekani katika jeli hii. Hapa zilitumika praima za sianobakteria: CYA359F yenye mkia, pamoja na CYA781R ambayo ina matoleo mawili, (a) na (b). La kwanza hupendelea wenye nyuzi, la pili wenye seli moja moja kama Microcystis. Ziendeshwe katika vijaribio tofauti. Ukizichanganya, aliye wengi anakula praima zote na unarudi ulikoanzia. Kipande ni kirefu zaidi, besi 420 hivi bila mkia, kwa hiyo akrilamidi ishuke hadi asilimia 6. Toleo la (a) lilimtoa Dolichospermum kwa bendi safi. Kloroplasti nazo zilitokea, kwa kuwa praima hizi huzikamata pia, lakini sasa zinajulikana ni nani.

Sumu ni swali jingine kabisa. 16S haiwezi kulijibu. Microcystis mwenye sumu na asiye nayo wanafanana kwenye jini hiyo kiasi cha kutotofautika, na huishi pamoja ndani ya utando mmoja. Kinachotafutwa ni jini zenyewe za kutengeneza mikrosistini, sumu ya Microcystis. Praima za HEP hukamata kipande cha besi 472 cha jini mcyE, kwa joto la kushikana la nyuzi 52. DNA ya kichujio cha mikromita 3 ya chupa A ilitoa kipande hicho. Ya chupa B ilitoa hafifu. Mikrosistini ilishapimwa na kuchapishwa katika Ghuba ya Mwanza mwaka 2005, kwa hiyo hili si jambo la kushangaza, ni jambo la kutopuuza.

Bado jini si sumu. Uwepo wa mcyE unasema uwezo upo. Kiasi kilichomo majini kinapimwa kwa ELISA au kromatografia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa mikrosistini-LR ni mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote, 12 kwa muda mfupi, na 24 kwa maji ya kuogelea.

Kuhusu kipindupindu, jeli hii haikuwa chombo sahihi tangu mwanzo, na kukosekana kwa bendi ya Vibrio kusitajwe kabisa kama habari njema. Vibrio cholerae anaweza kuwa seli chache kwa lita na bado akawa tatizo. Njia yake ni kumkuza kwanza: maji au kichujio kwenye peptoni ya alkali, pH 8.4 hadi 8.6, kwa saa sita hadi nane, kuchukua utando wa juu, kupanda kwenye kilishio cha TCBS, na PCR ya ompW kumtambua na ctxA kujua kama ana jini ya sumu. Kichujio cha mikromita 3 kipelekwe pia, kwa sababu Vibrio hupenda kunata kwenye viumbe wadogo wanaoelea na kwenye uteute.

Kwa maabara yenye uwezo, kusoma jini nzima ya 16S yenye besi 1,500 kwa kifaa kidogo kama MinION kunaondoa matatizo mengi ya jeli, na ukinipa fedha ningechagua hivyo. Lakini kola ya kijani iliyomwagwa sinki ingepotea vilevile, kloroplasti zingejaa vilevile, na uteute ungezuia vilevile.

Jibu lililopelekwa mwaloni, mara ya pili, lilikuwa hili. Kijani ni Microcystis, pamoja na Dolichospermum na diatomu chache. Jini za sumu zipo. Kiasi cha sumu kinapimwa, na hadi majibu yatoke, maji ya ukingoni yasinywewe, yasipikiwe, na watoto wasiogee kwenye utando. Kuchemsha hakusaidii: mikrosistini haiharibiki kwa kuchemka, na moto unapasua seli na kumwaga sumu iliyokuwa ndani yake. Maji yachotwe mbali na utando, upande upepo unakotoka, nayo yaendelee kutibiwa dhidi ya vijidudu kama kawaida. Majibu ya Vibrio yatafuata kivyake. Na mifugo nayo izuiwe, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hunywa palepale utando unapokusanyika.